Kalaptopu kadogo ka mtandaoni? Mimi nachukua mtumba wa ofisini

Kila baada ya siku mbili tatu kuna mtu ananitumia picha, "kaka hebu cheki haka kalaptopu, kapya kabisa kwenye boksi, nikaagize?" na jibu langu limekuwa ni lilelile mpaka watu wanahisi nina mgao mahali. Usiagize. Tafuta mtumba.

Naongea kwa uchungu maana na mimi nilishaingia cha kike. Dada yangu anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, na mimi ndo namshikia mahesabu, sasa kubanana kwenye daladala kutoka Igoma na lile lilaptopu la inchi 15 ni adhabu, na ukifika Mwaloni meza yenyewe ni gunia. Nikaagiza kadogo ka inchi 11, duka silitaji, kepesi, ka bluu, kanavutia balaa. Prosesa Celeron, RAM GB 4, diski GB 32. Nikajisemea GB 32 si zinatosha, kwani mahesabu ya dagaa yana uzito gani? Kumbe Windows peke yake inakula zaidi ya nusu kabla hujaweka hata picha moja. Ikaja apdeti ikakosa pa kukaa, nafuta hiki, nafuta kile, wapi. Nikampelekea fundi aniongezee diski, akafungua, akacheka, akaniita nichungulie. Hakuna cha kuchomoa! Ile diski ni eMMC, chipu imechomelewa kwenye ubao wenyewe, na RAM hivyohivyo. "Mzee hii ni simu yenye kibodi," ndo aliniambia, na nikalipa hela ya kufunguliwa tu.

Sasa ndo maana nasema mtumba wa ofisini. Makampuni ya nje yanabadilisha mashine zao bado zina nguvu, zile zilizotoka zinauzwa kwa jumla na nyingine zinaishia Kariakoo, halafu unaziona zinapostiwa huku mtandaoni. ThinkPad X270, X280, Latitude 7290, EliteBook 830, hizo zote ni inchi 12 na nusu mpaka 13, zinaingia kwenye begi la kawaida, na zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayezitesa kila siku.

Ila usidanganyike na neno "Core i7", hilo ni jina la prosesa ya Intel. Angalia namba inayofuata. i5-8250U ile 8 ya mwanzo ndo kizazi, kizazi cha nane, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia hapo kwa sehemu kubwa. i7 ya kizazi cha nne Microsoft haiitambui, na Windows 10 yenyewe sapoti ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi binafsi nilichukua X270, ambayo ni kizazi cha sita au cha saba, nikaweka Linux Mint, mfumo unaokaa badala ya Windows. Niliichukua kwa sababu moja tu: ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma, ile ya nyuma unaichomoa unaweka nyingine mashine ikiwa inawaka. Umeme ukikatika Mwaloni dada haachi kuuza. X280 haina hiyo, na RAM yake imechomelewa, kwa hiyo ukiitaka chukua ya GB 8 toka mwanzo, usije ukasema utaongeza baadaye.

Kuhusu wauzaji. Anayeandika "bei njoo inboksi" mimi nampita, bei ya bidhaa ni siri ya ndoa? Muuzaji namwomba video, sio picha, awashe mashine nikiona, aingie BIOS, ile setingi ya mashine yenyewe kabla Windows haijafunguka (kwenye ThinkPad anabonyeza F1) nione kama haidai paswedi, maana hizi za makampuni nyingine zinakuja zimefungwa na hapo umenunua kibao cha chapati. Halafu aandike amri ya Windows, powercfg /batteryreport, anionyeshe betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa hivi inajaza kiasi gani. Akianza kusema "bosi mbona maswali mengi", asante kwaheri. Na hela yote siitangulizi, mzigo unapanda basi Dar, nafungulia palepale ofisi ya basi, kuna tundu la umeme ukutani, nawasha, ndo namalizia kulipa. Muuzaji akikataa huo utaratibu basi abaki na mzigo wake.

Pamoja na ujanja wote huo kuna kitu kilinipita, kibodi. Yangu ilitoka Ujerumani, herufi Z na Y zimebadilishana nafasi. Kwenye setingi nikaiweka ya Kiingereza na mimi naandika bila kuangalia kwa hiyo haina shida, ila dada anawinda herufi kwa kidole kimoja, anabonyeza Z aliyoiona kwa macho, inatoka Y. Risiti tatu zimeshaenda kwa wateja wa Shinyanga zimeandikwa "Kirumba, Mwanya". Mmoja akapiga simu kuuliza kama ni jino au ni mji. Stika za herufi nimeshaagiza, zinakuja na basi la kesho.