Kichupa Hakifunguliwi Mpaka Mtimie Kumi

Mimi na chanjo ya Korona hatukuwahi kukosana. Nilichomwa hapa Mombasa, mkono ukauma kidogo, yakaisha. Aliyenitoa roho ni shemeji, kaka wa mke wangu, mtu wa Nyeri.

Mwaka ule wa 2021 Wizara ya Afya ilikuwa ikitoa takwimu za waliochanjwa katika kaunti zote 47, na shemeji akawa anazifuata kama msimamo wa ligi. Nyeri iko huko juu na Nairobi, basi simu hailali. "Shemeji, huko kwenu Pwani mwangoja nini?" Huko kwenu! Utadhani mimi ndiye gavana. Nikavumilia, mpaka siku aliposema wale wa Tana River ndio wamelala kabisa. Hapo akawa ametukana ukoo, maana ami yangu yuko upande wa Garsen, huko huko Tana River.

Kulala? Ami huyo huyo anayeamka kabla ya jogoo?

Kuna jambo shemeji halijui kwa sababu Nyeri halikuwahi kuwa jambo. AstraZeneca, ile ya kwanza kuletwa mwezi wa Machi, ilikuja kwa vichupa vya dozi kumi kumi. Nesi akishafungua kichupa ana saa 6. Zikipita, kilichobaki kinamwagwa. Sasa Nyeri mjini watu kumi unawaokota kwenye foleni ya mandazi. Kule kwa ami, watu kumi ni baraza, lazima chifu aitwe.

Ami alifika zahanati asubuhi, kitambulisho kakifunga kwa nailoni kisilowe jasho. Nesi akampokea vizuri: "Mzee, wewe wa tatu. Tungoje wenzako." Wakakaa chini ya mwarobaini. Akatokea mama na mtoto mgongoni, wakachangamka. Kumbe amekuja kumpima mtoto uzito. Akapita kijana wa bodaboda, wakampigia kelele asimame. Kumbe hajafika miaka 18, na ile pikipiki ni ya mjomba wake. Mpaka saa saba mchana wako saba. Ami akashauri mlinzi ahesabiwe, mlinzi akasema yeye alishachomwa kitambo. Saa tisa nesi akafunga kijisanduku chake cha barafu, akawaomba warudi wiki ya pili. Nesi simlaumu. Akifungulia watu saba, dozi tatu zinamwagwa, na ripoti ni ya kuandikwa na yeye.

Halafu India nayo ikazuia chanjo kutoka, maana huko kwao hali ilikuwa mbaya, na sisi tulikuwa tukitegemea kiwanda cha kwao cha Serum. Dozi ya pili ikasogezwa kutoka wiki 8 hadi 12. Mngemsikia shemeji! Ananililia kwenye simu kwamba ya pili imechelewa, na ami hata ya kwanza hajaitia machoni.

Ukame ukaingia. Septemba Rais Uhuru Kenyatta akautangaza kuwa janga la kitaifa, wafugaji wakawa wanahama na mifugo kutafuta malisho. Mtu kama huyo umwambie arudi hapo hapo baada ya wiki 12, ng'ombe nao umewaambia? Ndiyo nikafurahi niliposikia Johnson & Johnson, sindano moja tu na umemaliza, itapelekwa sehemu za mbali na kwa watu wa kuhamahama. Shemeji naye kasikia. "Mbona wao wapewe moja na sisi tudungwe mara mbili?" Wallahi, mtu wa kaunti iliyo kileleni anamwonea wivu ami yangu!

Novemba ndipo nilipopandwa na presha. Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba, asiye na uthibitisho wa chanjo hatahudumiwa katika ofisi za serikali. Mahakama Kuu ilikuja kulisimamisha jambo hilo, lakini mimi nilikuwa nimeshampigia ami, natetemeka.

"Ami, fanya hima uchomwe. Mwezi ujao hutaingia ofisi yoyote ya serikali."

Kimya. Nasikia ng'ombe tu.

"Mwanangu," akasema, "kwani hiyo ofisi wataijenga lini?"