Taa manta na nyuki mchimbaji: nani hasa ni dhaifu?

Fedha za uhifadhi zinapogawanywa, taa manta, samaki mkubwa bapa wa baharini, humshinda nyuki mchimbaji kabla mjadala haujaanza. Sababu inafahamika: jike la manta (Mobula birostris) hubeba mimba takriban mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, kisha miaka miwili au zaidi hupita kabla ya mwingine. Akinaswa kwenye nyavu za jodari, au akivuliwa kwa ajili ya matamvua yake, pengo lake halizibiki upesi. Hoja hiyo ni nzito, na sina la kuipunguza.

Tatizo ni dhana inayoambatana nayo, kwamba mdudu yeyote huzaa kwa maelfu. Andrena fulva, nyuki mchimbaji wa Ulaya mwenye manyoya mekundu, hana malkia wala vibarua. Kila jike huchimba peke yake shimo la wima, sentimita 20 hadi 30, lenye vyumba vichache pembeni. Kila chumba hukipaka ute usiopitisha maji, hukiwekea donge la chavua na nekta, hutaga yai moja, kisha hukifunga. Muda alio nao ni wiki chache tu za majira ya kuchipua. Mvua ikishika siku kadhaa, vyumba hupungua. Na hata akiwahi, nyuki mdoezi Nomada signata hujipenyeza akataga humo, na buu lake likala akiba yote.

Lililo zito zaidi ni hili: baharini manta wa rika nyingi huishi pamoja, kwa hiyo mwaka mbaya hauwamalizi wote. Kwa Andrena, kufikia kiangazi mama wote wamekufa, na ukoo mzima wa bustani ile umelala ardhini hadi mwaka unaofuata. Sepetu ikipita hapo vuli, au saruji ikimwagwa, hakuna mzazi aliyebaki wa kuanza upya. Huko Ayalandi nyuki huyu alionekana 1925, kisha hakurekodiwa tena hadi 2012, Kilkenny.

Ni kweli kwamba makundi mengine ya mashimo yakiwa jirani, nyuki hurejea haraka kuliko manta atakavyoweza kamwe. Lakini manta anahitaji mikataba ya mataifa. CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ilimwingiza mwaka 2013 katika Kiambatisho II, orodha ya viumbe ambao biashara yao hudhibitiwa. Nyuki huyu anahitaji mwenye bustani atambue vichuguu vidogo vya udongo vyenye tundu katikati, asivichimbue mwaka mzima, aache nyasi pale ziwe haba, na asipulizie dawa miti ya matufaa ikiwa na maua.