Tatizo si baiskeli, ni kijiwe

Kila janga linapoingia, waendesha baiskeli huulizana: tuendelee au tuzitundike ukutani? Msimamo wangu haujabadilika tangu 2020. Endelea. Mtu aliye peke yake juu ya baiskeli, upepo ukimpiga usoni, ana nafasi ndogo sana ya kuambukiza au kuambukizwa ugonjwa unaosambaa kwa hewa. Korona ilistawi ndani ya nyumba, watu wamebanana kwa muda mrefu. Matatu ya viti 14, hata baada ya kushushwa hadi abiria 8 mwezi Machi 2020, bado ilikuwa chumba kidogo ambacho madirisha hufungwa mvua ikianza kudondoka. Baiskeli haina chumba. Hatari humpata mwendeshaji akishashuka: kwa fundi, kwenye kibanda cha chai, stejini na wenzake walioegemea usukani wakibishana mpira.

Kuna nchi zilizoona vingine. Uhispania ilitangaza hali ya dharura tarehe 14 Machi 2020, na mtu mzima hakuruhusiwa kuendesha baiskeli kwa mazoezi hadi tarehe 2 Mei. Italia nayo ilibana sana mazoezi ya nje. Uingereza ikaenda njia nyingine: kutoka mara moja kwa siku kufanya mazoezi, baiskeli ikiwemo, na maduka ya baiskeli yakaachwa wazi. Hoja ya waliokataza ilikuwa kwamba mtu akianguka na kuvunjika mtulinga, anachukua daktari na kitanda vinavyohitajika kwingine. Hoja hiyo ina uzito, ila inadai mwendo wa adabu, haidai marufuku. Zuia mashindano, zuia misafara ya watu ishirini, usimzuie mtu mmoja. Tena huku kwetu baiskeli si mazoezi tu. Ndiyo inayopeleka maziwa sokoni na kumfikisha mlinzi kazini.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kutoanguka. Kenya ilipoanza kafyu tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, safari zote za jioni zilibanwa kwenye muda mfupi kabla ya kafyu, kila dereva akikimbizana na muda. Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa mwenye baiskeli. Panga kufika nyumbani saa kumi na moja na nusu, si saa moja kasoro dakika tano. Mchana nako barabara tupu hudanganya, kwa sababu magari machache yaliyobaki hukimbia zaidi. Kwa anayeendesha kwa mazoezi, huu si wakati wa kujaribu mteremko mpya wala kutafuta rekodi. Na mpaka uujue kabla hujatoka. Eneo la Nairobi lilipofungwa kuanzia tarehe 6 Aprili hadi 7 Julai 2020, kwenye barabara ya Magadi liliishia Kiserian, kwa hiyo Kona Baridi na barabara yote iliyo mbele ya hapo vilikuwa nje. Kubishana na askari kwenye kizuizi cha barabarani, mmesimama kumi mahali pamoja, kunafuta faida yote ya kuwa peke yako barabarani.

Sharti la pili, na hapa ndipo wengi hushindwa, ni kujitegemea njiani. Pancha moja hukupeleka kwa fundi, na kwa fundi kuna benchi, kuna foleni, kuna stori. Beba viraka sita, kipande cha msasa, gundi, vijiko viwili vya kubanulia tairi, pampu, vimpira viwili vya vali, kitambaa, na spana inayolingana na nati za magurudumu (kwa baiskeli nyingi ni namba 15, lakini ijaribu nyumbani kwanza). Gundi ikishafunguliwa hukauka ndani ya tyubu yake bila kukuaga. Ikamue kidogo kabla ya kuondoka.

Kabla hujabanua tairi, chunguza vali. Baiskeli nyingi za kazi zina vali yenye kimpira chembamba kinachoziba njia ya hewa. Jua hukichanachana, hewa inatoka polepole, na mtu anahangaika kutafuta pancha isiyokuwepo. Wengi hulamba kidole wakakigusisha kwenye mdomo wa vali, waone kama mate yanatoa povu. Wakati wa janga tabia hiyo na ife kabisa. Mkono umeshika noti, kufuli na usukani, sasa unapelekwa mdomoni! Tumia tone la maji ya sabuni kutoka kwenye kichupa kidogo. Povu likitokea, fungua nati, chomoa kimpira cha zamani, kata kipya kinachofunika kile kitundu cha pembeni na kukipita kwa sentimita moja hivi, kiloweshe kwa maji kisha ukivishe. Kikiwa kifupi, hewa ya pampu hukisukuma kando na utakuwa umerudi ulikoanzia.

Vali ikiwa nzima, basi ni pancha kweli. Kwenye baiskeli nzito ya karia si lazima uvue gurudumu la nyuma na kuhangaika na cheni. Ilaze, banua upande mmoja wa tairi, vuta tyubu nje, itie hewa, sikiliza. Piga msasa eneo kubwa kuliko kiraka, paka gundi nyembamba, subiri kama dakika tano hadi ipoteze mng'ao na isinate kidoleni, ndipo ubandike na kukandamiza. Kiraka kilichobandikwa kwenye gundi mbichi huinuka tairi likipata joto. Kisha pitisha kitambaa, si kidole, ndani ya tairi lote. Mwiba wa mgunga ulioleta balaa mara nyingi bado umo. Tia hewa kidogo tyubu ijikunjue kabla ya kurudisha tairi, la sivyo vijiko vitaibana na utatoboa tundu la pili.

Kusafisha baiskeli hakuhitaji vurugu. Mwaka 2020 watu walimwagia vyuma jiki kana kwamba wanaosha choo. Klorini hula alumini na kromu, na spoku huanza kutu pale zinapoingia kwenye rimu. Maji ya sabuni ya kawaida yanatosha kwa sehemu zinazoguswa: mishikio, mikono ya breki, kengele, kiti, karia, na kufuli ambalo kila mtu hulisahau. Futa kwa kitambaa kilicholoweshwa, usipulizie. Ukipulizia dawa kwenye cheni na haabu (kitovu cha gurudumu), unaosha mafuta na kuacha maji. Baada ya kufuta, tia tone moja la mafuta kwenye kila kiungo cha cheni, zungusha pedali, kisha pangusa yaliyozidi. Mafuta yakifika kwenye rimu au diski, breki hazitashika.

Umbali je? Mwezi Aprili 2020 kulisambaa michoro ya kompyuta ya mhandisi Bert Blocken na wenzake, iliyoonyesha matone ya pumzi yakibaki nyuma ya mtu anayekimbia au kuendesha baiskeli, na ushauri wa kuacha mita 10 kwa mwendo wa pole na 20 kwa mwendo wa kasi. Ilisambaa kabla wanasayansi wengine hawajaipitia, na ilifuata njia ya matone tu, haikupima nani aliugua. Siichukulii kama sheria. Lakini kama mazoea ya barabarani haina hasara: kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa, mita 20 ni sekunde tatu. Mwenzako akipita mlingoti, hesabu hadi tatu kabla nawe hujaufikia. Kujificha nyuma ya tairi la mwenzako ili akukingie upepo, hapana, liwe kundi la watu wawili au la kumi. Ukimpita mtu, mpe mita mbili na usiongee naye mkiwa sambamba.

Na kamasi! Ule mtindo wa kuziba tundu moja la pua na kupuliza lingine huku baiskeli inakwenda ni uchafu hata siku za afya. Simama pembeni, tumia kitambaa, kiweke kwenye mfuko wake.

Kuhusu barakoa, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 watu wasiivae wakifanya mazoezi mazito, kwa kuwa jasho huilowesha na pumzi hukaba. Kanuni za Kenya za Aprili 2020 nazo ziliitaka mahali pa umma, kwa faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi sita. Mambo haya mawili hayapatani vizuri, na askari hakusomei ushauri wa Geneva. Penye amri, tii, na upunguze kasi ili upumue. Pasipo amri, beba mbili kwenye bahasha ya karatasi, uivae kila mwendo unaposhuka hadi wa mtembea kwa miguu: sokoni, kwenye kivuko, stejini. Kuining'iniza kidevuni ni kuilowesha tu.

Abiria ndilo suala gumu, na sitalipamba. Mtu aliyetulia huvuta kama lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Anayepanda mlima akiwa na mtu nyuma yake hupita 50, na abiria yuko hatua moja nyuma ya pumzi hiyo. Uganda ilikataza bodaboda kubeba abiria tarehe 25 Machi 2020 na kuwaachia mizigo, na kwa maoni yangu hilo ndilo sahihi wimbi linapopanda. Madumu mawili ya maji ya lita 20 ni kama kilo 40, nyepesi kuliko mtu mzima, wala hayakohoi. Ukilazimika kubeba mtu, nyote muwe na barakoa, kimya, safari fupi, na mlimani abiria ashuke atembee. Malipo yawe kwa simu. Mwaka 2020 Safaricom iliondoa ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 kwa sababu hiyohiyo.

Ukiugua, baiskeli ipumzike. Ushauri uliochapishwa na madaktari wa Uingereza mwanzoni mwa 2021 ulikuwa hivi: subiri angalau siku saba bila dalili yoyote, kisha wiki mbili za mwendo mwepesi mno, ule unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Kifua kikiuma, moyo ukienda mbio ovyo au pumzi ikikatika, simama na umwone daktari, maana virusi hivi huweza kugusa moyo. Najua mwenye boda ya baiskeli hawezi kukaa wiki tatu bila shilingi. Kazi hiyo ni ya chama chake: kimlipie siku hizo, la sivyo atatoka akiwa mgonjwa na kuwapelekea wenzake. Akirudi, aanze na vifurushi.

Jambo la mwisho: kanuni hizi ni za ugonjwa wa hewa, usizihamishe hivihivi. Mpox (ndui ya nyani), iliyotangazwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024, hupita zaidi kwa kugusana ngozi, kwa hiyo Burundi au mashariki ya Kongo abiria anayekumbatia kiuno cha mwendeshaji ni hatari kuliko pumzi yake. Shati la mikono mirefu na kitambaa cha kiti kinachofuliwa kila jioni vina maana kuliko mita 20. Kipindupindu hukuingia kwa chupa ya maji uliyojaza usikokujua. Ebola na Marburg, kama Uganda mwaka 2022, Kagera nchini Tanzania 2023 na Rwanda 2024, hupita kwa matapishi, damu na jasho la mgonjwa, na vijijini baiskeli ndiyo ambulansi. Hapo mgonjwa anayetapika au kutokwa damu hapandishwi kwenye karia. Panda wewe peke yako, ukamwite mhudumu wa afya.