Sekunde hazihesabiwi, zinasomwa

Binti mmoja wa darasa la sita alitengeneza mchezo ambao wenzake wote waliuonea wivu: maembe yanadondoka, kapu linayadaka, na una sekunde 60 tu. Mwenzake aliyeketi naye, mwenye saa ya mkononi, akadai mchezo unadanganya. Tukapima. Kaunta iliposoma sifuri, saa ya mkononi ilikuwa imeshaipita dakika moja kwa sekunde mbili na ushei. Binti akanuna.

Hakukosea peke yake. Watoto karibu wote ninaowafundisha Scratch, lugha ya programu ambayo maagizo yake ni bloku za kuunganisha kwenye skrini, siku za Jumamosi huanza hivyo hivyo: unatengeneza kigeu, yaani kisanduku cha kutunzia namba, kinachoitwa muda, unakipa 60, halafu unarudiarudia bloku ya kusubiri sekunde 1 na ya kupunguza 1. Ukitazama, huoni kosa. Ila Scratch huenda kwa hatua, takriban 30 kila sekunde. Bloku ya kusubiri haiamki sekunde inapotimia. Huamka kwenye hatua inayofuata, na kurudi mwanzo wa mzunguko nako kunakula muda. Kinachopotea ni chembe tu, ila kizidishe mara 60. Na kwa kompyuta kuukuu kama zetu, ambazo hizo hatua 30 zenyewe zinazipiga kwa kuhema, upotevu unazidi.

Ndiyo maana nina ugomvi na masomo mengi ya wanaoanza. Bloku ya kusubiri hufundishwa siku ya kwanza, ilhali taima, saa ya Scratch inayohesabu sekunde yenyewe, ambayo imekaa humo humo kwenye bloku za kuhisi, inaachwa hadi mwisho au haiguswi kabisa. Mtoto anazoea kuhesabu sekunde kwa vidole wakati ukutani kuna saa. Mchezo wa maembe tuliutibu kwa bloku chache: anzisha taima upya, kisha kila mara muda uwe 60 kutoa taima. Kompyuta ikikwama kidogo, kaunta itaruka namba moja, lakini dakika itabaki kuwa dakika.

Tatizo la taima ni kwamba iko moja kwa mradi mzima. Kapu likiianzisha upya, embe nalo limepoteza hesabu yake. Hapa huwa nawauliza: mama lishe akiinjika maharage saa nne, na wali saa tano, huirudisha saa ya ukutani kwenye sifuri kila anapoinjika sufuria? Anakumbuka tu aliinjika saa ngapi, kisha anatoa. Basi kila embe lina kigeu chake, cha kwake peke yake, kinachotunza taima ilisoma ngapi lilipoanza kudondoka. Taima ya sasa, toa ile. Wakishaelewa hapo, wanaweza kupima vitu kumi kwa pamoja.

Mradi ninaoupenda kuliko yote ni wa kupima wepesi wa mkono. Skrini nyekundu, kompyuta inasubiri sekunde zozote kati ya 2 na 5, inageuka kijani, taima inaanzishwa upya, nawe unabonyeza kitufe cha nafasi. Watu wengi huangukia kati ya robo na theluthi ya sekunde. Baba mmoja, dereva, alikuja kumchukua mwanawe akajaribu: 0.41. Watoto wakamcheka hadi akavua miwani, akaomba arudie. Kisha mjanja mmoja akapata 0.0 mara tatu mfululizo. Alikuwa ameshikilia kitufe tangu skrini ikiwa nyekundu! Ikabidi tuongeze sharti: kitufe kikiwa kimebonyezwa kabla ya kijani, umefungiwa. Sikuwahi kupata somo zuri zaidi la bloku za masharti, na sikulipanga.

Kuna pia bloku inayotoa idadi ya siku tangu mwaka 2000, pamoja na desimali zake. Sisi tuliitumia kwa kitendawili cha siku: orodha ya vitendawili 30, unaondoa desimali, unagawanya kwa 30, unachukua baki na kuongeza 1. Kila siku kinatoka kingine. Ila bloku hiyo inafuata saa ya dunia, UTC, hivyo kwetu kitendawili kinabadilika saa tisa usiku. Hakuna mtoto aliyelalamika.

Kazi halisi ilikuwa saa inayosema Kiswahili. Scratch inakupa saa ya sasa kuanzia 0 hadi 23. Ongeza 5, gawanya kwa 12, chukua baki, ongeza 1. Jaribu na 7: unapata 1, saa moja. Jaribu na 18: 12, saa kumi na mbili. Siku nazo zina utamu wake. Scratch huipa Jumapili namba 1, wakati sisi jina lenyewe linasema ni ya pili. Ukichukua baki ya namba ya siku kwa 7 ukaongeza 1, Jumamosi inakuwa ya mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, hadi Ijumaa ya saba. Nilipowaandikia ubaoni, yule binti wa maembe alipiga meza: "Kumbe majina ni namba!"

Tukakwama kwenye neno la mwisho. Saa nane ya mchana na ya usiku lazima zitofautishwe, kwa hiyo unahitaji bloku za kama, na bloku ya kama inadai mpaka. Alfajiri inaanza lini? Saa kumi mchana ni alasiri au jioni? Mtoto aliyelelewa Tanga alishikilia alasiri, wa Dodoma akasema kwao ni jioni na hakuna mjadala. Nilizima projekta wakiwa bado wanabishana, na Jumamosi iliyofuata kila mmoja alikuja na saa yake.