Mbegu isiyo na dhati ndiyo inayoota

Neno lenyewe limetuponza. Tukisema "utupu", sikio la Mswahili linasikia mambo mawili: chombo kisicho na kitu, na mtu asiye na nguo. Hakuna hata moja la kutamanika. Kwa hiyo msomaji akiambiwa kwamba Wabudha wanafundisha kuwa vitu vyote ni vitupu, upesi anaamua kuwa hao ni watu waliokata tamaa na dunia, wasemao hakuna kitu, hakuna mtu, hakuna jema wala baya. Nimeusikia uamuzi huo mara nyingi, hata kwa waliosoma falsafa, na unaniuma kwa sababu unakaribia kusema kinyume cha mafundisho yenyewe.

Neno la Kisanskriti ni shunyata, nalo linatokana na shunya. Wahesabu wa India waliliita hivyo lile duara lao dogo, Waarabu wakalifasiri sifr, yaani kitupu, nasi tukapata sifuri. Anayefanya hesabu haidharau sifuri. Peke yake haina thamani. Iweke baada ya 1 uone inavyofanya kazi. Nguvu yake yote inatoka mahali ilipokaa na majirani ilio nao.

Wa kuulizwa hapa ni Nagarjuna, mtawa wa India aliyeishi karibu na karne ya 2 BK. Kitabu chake kikuu, Mulamadhyamakakarika, kina sura 27 za beti fupi fupi, na karibu zote zinapambana na neno moja: swabhava. Maana yake ni kitu kuwa kilivyo kwa nguvu zake chenyewe, bila kutegemea kingine chochote. Kwa msamiati wetu tungesema dhati. Nagarjuna anasema hakuna kitu chenye dhati ya namna hiyo. Hasemi hakuna kitu. Chandrakirti, mfafanuzi wa kitabu hicho wa karne ya 7, aliwafananisha wanaochanganya kauli hizo mbili na mteja aliyeambiwa na muuzaji, "Sina cha kukuuzia," naye akajibu, "Basi niuzie hicho usicho nacho."

Wapinzani wa Nagarjuna hawakuwa wajinga, na wengi walikuwa Wabudha wenzake. Jadi ya Sarvastivada ilikubali kabisa kwamba gari la kukokotwa ni jina tu. Hilo lilikuwa somo la zamani, tangu mtawa Nagasena alipomhoji mfalme Milinda: gari ni magurudumu? Ni ekseli? Ni nira? Lakini, walisema, ukilifumua gari ni lazima ufike mwisho, kwenye vitu vya msingi visivyofumuka. Wao walivihesabu 75, na kila kimoja walikipa tabia yake ya kudumu, mfano ugumu kwa ardhi na joto kwa moto. Hoja yao naielewa hivi: kama kila mtu mtaani anaishi kwa mkopo, lazima awepo mmoja mwenye fedha zake, la sivyo hizo zinazokopeshwa zimetoka wapi? Ni hoja nzito, nami imenichukua muda mrefu.

Jibu linalonituliza liko katika mfano mkongwe kuliko Nagarjuna, wa Sariputta, mwanafunzi wa Buddha. Chukua mafungu mawili ya matete uyasimamishe yakiegemeana. Yanasimama. Ondoa moja, la pili linaanguka. Sasa ni lipi lilikuwa na kusimama kwake, likalikopesha lenzake? Hakuna. Kusimama hakukuwa mali ya yeyote kati yao, na bado yalisimama kweli. Mfano wa mkopo unatupoteza kwa kuwa unakuchukulia kuwako kama noti inayopita mkono hadi mkono.

Siku hizi hoja ya dhati imepata wakili mwingine, nayo ni sayansi. Dhahabu ni kila atomu yenye protoni 79, hapa au nyota za mbali, iwe pete au vumbi la mgodini. Hiyo si dhati? Nakubali kwamba ni jibu bora kwa swali "dhahabu ni nini?" Ila 79 inatuambia kitu gani tukiite dhahabu, haituambii kwamba kitu hicho kipo kwa nguvu zake chenyewe. Mwaka 1980 huko Berkeley, Marekani, mkemia Glenn Seaborg na wenzake waligonga bismuthi, yenye protoni 83, hadi chache zikaruka na kubaki dhahabu. Kinachotengenezwa kwa kupunguziwa kilitegemea kupunguziwa. Ugomvi wa Nagarjuna ni na kujitegemea huko, na maana ya maneno hakuigusa.

Kwangu mimi, uzito wote uko kwenye sura ya 24. Mpinzani anashtaki: kama vyote ni vitupu, basi umefuta mateso, chanzo chake, kukoma kwake na njia ya kuyakomesha, umeufuta Ubudha wote. Nagarjuna anamrudishia mashtaka, akimwambia amepanda farasi huku amemsahau farasi aliyempanda. Asiyebakiza kitu ni yule anayeamini dhati.

Tazama punje ya hindi. Ipande kwenye kopo la udongo, mwagilia, na baada ya siku kumi hivi ichomoe taratibu. Jani limesimama, mizizi imeshikana na udongo, na hapo katikati punje imelegea. Ukiibana kwa kidole inatoa maji meupe. Kama ingekuwa punje kwa dhati, bila kutegemea chochote, ni nini kingeiondolea upunje wake? Maji? Haikuyategemea. Udongo? Wala huo. Ingebaki punje milele, na hakuna ambaye angekula ugali. Mateso nayo ni vivyo hivyo. Maumivu yenye dhati hayana dawa, na ujinga wenye dhati haufundishiki. Utupu ndio mlango wa kutokea.

Kwa hiyo sioni kwamba huu ni ubishi wa vitabuni. Tuna msemo, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Huo ni swabhava kwa Kiswahili safi, na tunamtupia mtoto wa mwizi kabla hajaiba hata kalamu.

Lipo onyo la haki upande wa pili: mtu anaweza kusema, "Mimi ni mtupu, kosa langu ni tupu, basi hunidai." Nagarjuna aliliona hilo mapema, alisema utupu ukishikwa vibaya unamwangamiza mshikaji, kama nyoka aliyekamatwa vibaya. Lakini anayejiondolea deni hivyo amesahau kwamba kutegemeana ni pamoja na kitendo na matokeo yake.

Masimulizi ya kale yanamtaja Angulimala, muuaji aliyevaa shada la vidole vya watu aliowaua. Alikutana na Buddha, akaacha silaha, akawa mtawa. Laiti uuaji ungekuwa dhati yake, kisa kingeishia msituni. Hata hivyo siku moja alipoingia mjini kuomba chakula, alipigwa kwa mawe na fimbo. Alirudi kwa Buddha kichwa kinavuja damu, bakuli limevunjika, joho limechanika. Buddha hakumwambia kwamba jeraha ni tupu. Alimwambia avumilie, kwa kuwa anayavuna sasa, katika maisha haya, matunda ya aliyoyatenda.