Faida, sawa. Lakini nani anaamua?

Ukiuliza biashara ipo kwa ajili ya nini, wengi watakujibu "faida" kabla hujamaliza swali. Sibishani nao sana, maana duka lisiloingiza kitu hufungwa. Mimi nauliza jingine: faida ya nani, na nani kaamua hivyo?

Tazama kahawa ya Kilimanjaro. Wachaga walianzisha chama cha wakulima mwaka 1925, wakati walowezi wakipinga Waafrika kulima arabika. Mwaka 1933 kikafuata chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kahawa ilitoka kihambani, shamba la nyumbani, chini ya migomba, ikapimwa kwenye chama cha msingi, ikauzwa kwa pamoja. Faida ilitafutwa kwelikweli, wala hakuna aliyeona haya. Ila mkulima alikuwa mwanachama: angeweza kusimama mkutanoni na kuuliza fedha zimekwenda wapi.

Mwaka 1970 Milton Friedman, mchumi wa Marekani, aliandika kwamba jukumu la biashara kwa jamii ni kuongeza faida, na meneja ni mtumishi wa wenye mali. Namkubalia nusu. Meneja ana haki gani ya kufanya ukarimu kwa fedha za watu? Lakini katika hesabu hiyo, anayeshinda juani anaonekana kama gharama tu.

Azimio la Arusha la 1967 lilimkumbuka huyo, tena likavitaja na vyama vyake vya ushirika. Miaka 9 baadaye serikali ile ile ikavivunja, kahawa ikaangukia kwa mamlaka ya umma. Mibuni haikubadilika, wala jembe. Mwenye jembe ndiye aliyekosa pa kuulizia.

Ushirika ulirudishwa miaka ya 1980, na sidai kuwa ni dawa. Kuna vyama vilivyoliwa na viongozi wake, na malipo ya pili, yale ya baada ya kahawa kuuzwa, yakasubiriwa hadi watu wakakata tamaa. Kisha 1994, wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, mkulima aliyedaiwa ada ya shule akawa anauza kwa anayelipa papo hapo. Nani angemlaumu?

Leo swali la nani anaamua liko kwa kijana wa bodaboda anayepokea abiria kupitia programu ya simu. Nauli imepangwa, makato yamepangwa, na akifungiwa akaunti anabaki kubofya tu. Pale kijiweni, pamoja na ugomvi wote wa zamu, angalau kuna mwenyekiti wa kumkalia kooni.