Umeme wa Jua na Maji ya Amu: Pampu Ifungwe Wapi?

Tangu Juni 2019, mahakama ya mazingira ilipofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, watu wa Lamu wamekuwa wakisema kwamba nishati yetu ni jua na upepo. Kauli hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo imezaa dhana moja inayonitia wasiwasi, nayo ni kwamba pampu ikishaendeshwa kwa sola, basi maji inayoyavuta nayo yatadumu. Nishati na maji ni hesabu mbili, na katika visiwa vyetu hesabu ya pili ndiyo ngumu.

Mji wa Amu, yaani Lamu, unategemea visima vya Shela, kijiji jirani kisiwani humo. Mvua ikinyesha juu ya vilima vya mchanga vya huko hufyonzwa papo hapo, ikachujwa na mchanga, ikatulia chini. Maji hayo matamu hayakukaa juu ya mwamba. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini, kwa sababu ni mepesi kidogo kuliko maji ya chumvi. Wataalamu wa maji ya ardhini wana kanuni inayokadiria kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huambatana na takriban mita 40 zilizo chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba ukikishusha kiwango hicho kwa nusu mita tu na kukiacha hapo, chumvi huweza kupanda kwa kadiri ya mita 20. Chumvi ikishaingia kisimani haitoki kwa mvua ya msimu mmoja.

Zamani kilichozuia uvutaji wa kupita kiasi kilikuwa gharama. Mwenye kuteka kwa kamba alichoka, na mwenye pampu ya dizeli alihesabu lita za mafuta kabla ya kuiwasha. Sola imeondoa kizuizi hicho: paneli zikishalipiwa, kila saa ya jua ni saa ya kuvuta maji bila kulipa zaidi, na nyumba za wageni zinazoongezeka zina matangi ya kujazwa. Watetezi wa pampu za sola wana hoja ya haki wanaposema kwamba bili ya umeme hupandisha bei ya maji kwa mnyonge, na kwamba moshi na mafuta yanayomwagika kando ya kisima si jambo dogo. Nakubaliana nao katika yote hayo, isipokuwa mahali pa kuifunga pampu. Pampu isiyo na mita wala kipimo cha chumvi, juu ya hazina nyembamba kama ya Shela, ni hatari hata kama haitoi moshi.

Njia ya pili ni kulielekeza jua baharini. Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, tangu 2018 uko mtambo wa sola wa kusafisha maji ya chumvi, uliojengwa na shirika la GivePower, wenye uwezo wa kutoa takriban lita 75,000 kwa siku. Bahari haikaushwi na ukame, na hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, kwa sababu tuliuona ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua za misimu mitano mfululizo zikatupita. Lakini kuyasukuma maji ya bahari kupita kwenye utando unaochuja chumvi kunahitaji takriban uniti 3 hadi 4 za umeme kwa kila lita 1,000, na kwa kawaida zaidi ya nusu ya maji yaliyovutwa hurudishwa yakiwa na chumvi iliyozidi. Yakimwagwa kwenye mkondo uliotulia kati ya mikoko, wa kwanza kuumia ni kaa na vifaranga vya samaki. Utando nao huziba na kuchakaa, na fundi wake hapatikani katika miji midogo ya visiwani kama Kizingitini.

Hapo ndipo ninapolikumbuka jabia. Katika visiwa vya Pate na Ndau, wazee walijenga uwanja uliosakafiwa na kuinamishwa, maji ya mvua yateremke hadi kwenye tangi. Nimesimama kando ya jabia moja ambalo sakafu yake ilikuwa na ufa mrefu unaoingia kidole, majani yameota ndani yake, na njia ya maji imezibwa na mchanga na kinyesi cha mbuzi. Tangi lenyewe lilikuwa zima. Kilichohitajika ni saruji, ua na mtu wa kulifagia kabla ya masika. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo uwanja wa mita 500 za mraba, ukipata milimita 900 kwa mwaka na kupoteza theluthi nzima, bado unakusanya lita 300,000 bila umeme wowote. Udhaifu wake ni ule ule nilioutaja: mvua ikikosekana, jabia huwa uwanja mtupu, na watu hungoja maji ya kuletwa kwa mashua.

Kwa hiyo simpingi anayetaka mtambo wa bahari, wala simwoni mtetezi wa jabia kuwa mtu wa kale. Ninachopinga ni mpangilio wa matumizi ya fedha unaoanza na paneli kwa sababu paneli hupigwa picha vizuri siku ya uzinduzi. Majabia yazibwe nyufa kwanza. Mitambo ya sola ijengwe penye mkondo wenye nguvu, iwe ya maji ya kunywa na ya miaka ya ukame, na kila mtambo uwe na kijana wa hapo hapo aliyefundishwa kazi na kulipwa mshahara. Shela pasifungwe pampu mpya hata moja, ya sola au ya dizeli, kabla kila kisima hakijawekewa mita na chumvi yake kupimwa kila mwezi, matokeo yakabandikwa msikitini na sokoni ambako wanaoyanywa maji hayo wanaweza kuyasoma. Na ujenzi juu ya vilima vya mchanga usimame, kwa kuwa kila sakafu inayomwagwa pale inaondoa sehemu ya ardhi ambayo mvua ingepitia kufika kisimani.